Majina ya Kiingereza ya Aina za Hereni: Mwongozo Kamili wa Kuyajua, Kuyatamka na Kuyatumia

Kwa Kiswahili ukisema "hereni" umeeleweka, na hakuna atakayekusumbua umfafanulie zaidi. Tunayo maneno mengine, kipuli, bali, kipini, jasi, lakini katika mazungumzo ya kila siku hereni imeyameza karibu yote. Kiingereza kimeshika njia nyingine. Neno la jumla lipo, "earrings", ila anayeuza na anayenunua hutaja aina moja kwa moja: "studs", "hoops", "drops", "huggies". Usipoyajua maneno hayo, utafungua duka la mtandaoni huku picha ya unachotaka imekaa kichwani, na usijue uandike nini kwenye kisanduku cha kutafutia.

Orodha za maneno haya zipo tele, picha upande huu, jina upande ule. Zinasaidia siku mbili, ya tatu yote yamechanganyika. Njia ninayoiamini ni kuitazama hereni yenyewe na kujiuliza maswali kwa mpangilio: Inashikiliwaje sikioni? Imetulia au inaning'inia? Ina umbo gani? Imetengenezwa kwa kitu gani? Majina ya Kiingereza ni majibu ya maswali hayo, yamepangwa tu foleni.

Kwanza, neno lenyewe

"Earring" ni "ear", sikio, na "ring", pete, yakiunganishwa. Kwa hiyo lina r mbili. Ukiandika "earing" umekosea. Hutamkwa takriban "iaring", bila h mwanzoni. Hapa ndipo wengi wetu tunapoteleza, kwa sababu hereni yetu ina h na ulimi umeshaizoea. Ukiitia h, unapata "hearing", yaani uwezo wa kusikia. "I lost my earring" maana yake umepoteza hereni. "I lost my hearing" maana yake umekuwa kiziwi, na atakayekusikia atakupa pole ambayo hukuitarajia.

Moja ni "an earring", jozi ni "a pair of earrings". Jozi huchukua kitenzi cha umoja, "this pair is lovely", lakini hereni zenyewe ni wingi, "these earrings are lovely". Usilione hili kuwa jambo dogo. Niliwahi kuagiza hereni nikapokea moja tu kwenye kifurushi, nikadhani nimeibiwa. Niliporudi kusoma maelezo nikakuta yameandikwa wazi, "sold as a single". Maneno mengine yenye maana hiyo ni "sold individually" na "price per piece". Unachotaka kuona, kama una masikio mawili ya kuvisha, ni "sold as a pair".

Na neno la jumla la mapambo, "jewellery" kwa Waingereza na "jewelry" kwa Wamarekani, halina wingi. Hakuna "jewelleries". Pambo moja ni "a piece of jewellery".

Soma jina kuanzia mwisho

Hili ndilo ningekuomba ulishike hata kama mengine yatakutoka. Kiswahili huanza na kitu, sifa zikafuata nyuma: hereni ndogo za dhahabu za duara. Kiingereza hugeuza: "small gold hoop earrings". Kitu chenyewe kiko mwisho, na kila neno lililo mbele yake linakisogelea. Kwa hiyo ukikutana na jina refu, anza nyuma urudi mbele. "Sterling silver lever-back drop earrings": ni hereni, za kuning'inia, zinazofungwa kwa bawaba nyuma, za fedha halisi. Limekwisha, na wala halikuwa gumu.

Unapopanga mwenyewe, ukubwa hutangulia, kisha umri au mtindo wa zamani, umbo, rangi, madini, halafu aina. "Large vintage round gold hoops" inasikika vizuri. "Gold round large hoops" inasikika kama mtu anayejikwaa.

Nomino inayotangulia nomino nyingine haichukui wingi. Sema "hoop earrings" wala si "hoops earrings". "Pearl earrings" hata kama lulu ziko kumi. Ukiliacha neno "earrings", basi wingi unahamia kwa aliyebaki: "hoops", "pearl studs".

Zinazotulia juu ya sikio: "stud"

"Stud" ni hereni ndogo inayokaa papo hapo kwenye ndewe, nyama ya chini ya sikio, bila kuning'inia. Ukimtazama mtu usoni unaona pambo tu, kijiti kimepita ndani na kushikiliwa nyuma. Ndugu yake wa karibu kwa Kiswahili ni kipini. Matamshi ni rahisi: sema "stadi", ya ufundi stadi, kisha imeze i ya mwisho. Neno hilo ni la kale, na katika Kiingereza cha zamani lilikuwa na maana ya nguzo au mhimili, jambo linaloleta maana ukikumbuka kijiti kile. Angalizo la pembeni: kwa lugha ya mitaani, "stud" pia ni mwanamume anayewavutia wanawake, kwa hiyo "I'm looking for a stud" isiyo na "earring" inaweza kuchekesha watu.

Ndani ya familia hii kuna majina ya ziada. "Ball studs" ni za kigololi. "Cluster studs" ni za vito vidogo vingi vilivyokusanyika kama kishada. "Solitaire studs" ni za kito kimoja tu, kila upande.

Za mduara: "hoop" na wadogo zake

"Hoop" ni duara, kubwa au dogo. Tamka "huup", u ikivutwa. Ukiifupisha na kuigeuza o utapata "hop", kuruka kwa mguu mmoja. Ukubwa wake hupimwa kwa kipenyo, "diameter", kwa milimita, na hapa soma kwa makini: "outer diameter" ni kipenyo cha nje, "inner diameter" ni cha ndani. Kwa hoop kubwa tofauti haidhuru, lakini kwa ndogo na nene, kipenyo cha ndani ndicho kitakachoamua kama itazunguka ndewe yako au itaibana.

Ile ndogo nene inayolikumbatia sikio inaitwa "huggie", kutoka "hug", kukumbatia. Tamka "hagi". Kwa maoni yangu ndilo jina zuri kuliko yote katika orodha hii, kwa sababu likishaelezwa mara moja halisahauliki.

"Sleepers" ni vihoop vyembamba vinavyoweza kuvaliwa hata usiku, mara nyingi ili tundu lisizibe. Neno hili utalisikia zaidi Uingereza na Australia kuliko Marekani. "Creole earrings" ni hoop ambazo chini ni nene au pana na juu zinapungua. Kuna pia "half hoops", "open hoops" zisizokutana ncha, na "inside-out hoops", ambazo vito vimepangwa nje upande wa mbele na ndani upande wa nyuma, ili ukitazama kutoka mbele uvione pote.

Zinazoning'inia: "drop", "dangle" na jamaa zao

Wenyewe kwa wenyewe wenye Kiingereza hawaelewani kikamilifu hapa, basi usijitese. Kimsingi, "drop" inashuka chini ya ndewe lakini imetulia, haichezi sana. "Dangle" inabembea unapogeuza kichwa. Wauzaji wengi huandika yote mawili, "drop dangle earrings", ili mtafutaji yeyote awaone. Urefu wake unaitwa "drop length", kutoka juu mpaka ncha ya chini. Angalia usichanganye "drop", tone au mshuko, na "teardrop", ambalo ni umbo la chozi: jembamba juu, nono chini. "Teardrop studs" zipo, na haziningʼinii hata kidogo.

"Chandelier", itamkwe "shandelia" huku mkazo ukiangukia "li", ni ile kubwa yenye ngazi za vito, inayopanuka kuelekea chini mfano wa taa ya mapambo inayoning'inizwa darini. "Tassel earrings" zina kishada cha nyuzi kama kile cha kofia ya mahafali. "Threader" ni mnyororo mwembamba wenye kijiti mwishoni, unaopitishwa tunduni kama uzi kwenye sindano, ukaning'inia mbele na nyuma. "Linear" ni ya mstari mnyoofu. "Statement earrings" si umbo, ni sifa: hereni kubwa au ya ajabu ambayo ndiyo watu watakayoikumbuka kwako siku hiyo.

Zinazopanda, zinazokumbatia, na zisizohitaji tundu

"Ear cuff" ni kikuku kidogo kinachobana ukingo wa sikio, mara nyingi bila tundu lolote. "Ear climber" huanzia ndewe ikapanda na ukingo. B yake haitamkwi, sema "klaima". Wengine huiita "ear crawler", yaani itambaayo, na ni kitu kilekile. "Ear jacket" ina sehemu mbili: stud mbele, na kipande kingine kinachovishwa nyuma ya sikio kikachungulia chini ya ndewe.

Asiyetoga hutafuta "clip-on earrings", za kubana kwa kibanio. Hapa pana mtego unaowanasa hata wazoefu. "Screw-back" ina maana mbili tofauti kabisa. Katika hereni za zamani ni skrubu inayoibana ndewe isiyotogwa. Katika hereni za sasa, hasa za almasi, ni kijiti chenye hesi kinachopita tunduni na kufungwa kwa nati ndogo. Maneno ya kuamulia ni "for pierced ears", kwa masikio yaliyotogwa, au "for non-pierced ears". Usinunue screw-back kabla hujayaona.

"Plugs" na "tunnels" ni za waliopanua ndewe: "plug" imejaa kama kizibo, "tunnel" ina uwazi katikati. Ndilo eneo ambalo neno letu la kale, jasi, linakaa barabara. Lakini "earplugs", neno moja, ni vizibo vya kuzuia kelele. Vivyo hivyo "earbuds" na "earphones" ni vya kusikilizia muziki.

Geuza hereni, tazama nyuma

Wanafunzi wengi huishia mbele ya hereni. Nyuma ndiko kunakoamua kama utarudi nayo nyumbani. Kijiti ni "post". Kile kidude kinachosukumwa kwenye kijiti kuishikilia hereni ni "back" au "backing", na kikiwa na mabawa mawili yaliyojikunja ni "butterfly back", kipepeo. Neno hili lihifadhi, maana ndicho kitu kinachopotea kuliko chote: "I've lost the back of my earring." Wala usiogope kwamba watadhani mgongo.

"Hook" au "fish hook" ni waya uliopinda kama ndoana, uliowazi nyuma. Wengine huuita "French hook" au "shepherd's hook". Ni mwepesi kuvaa na mwepesi kupoteza. "Kidney wire" ni waya wenye umbo la figo, ambao ncha yake hurudi ikashikwa kwenye kipindo cha chini. "Lever back" ina bawaba inayofunga nyuma, na kama hereni yako ni nzito au ya thamani, ningechagua hii kabla ya ndoana yoyote. "Omega back" ina kitanzi chenye umbo la herufi ya Kigiriki omega kinachoinuka na kuegemea nyuma ya ndewe, kikisaidia kubeba uzito. "Flat back" ina kisahani bapa nyuma badala ya kipepeo. Inapendwa kwa matundu ya juu ya sikio kwa sababu haimchomi mtu anapolala ubavu.

Sikio nalo lina ramani

Kiswahili kinatosheka na ndewe na ukingo. Watogaji wanaotumia Kiingereza wameligawa sikio lote. "Lobe" ni ndewe, ile nyama laini ya chini. "Upper lobe" ni juu yake kidogo. Kutoka hapo unaingia kwenye gegedu, "cartilage". "Helix" ni ukingo wa juu wa nje. "Tragus" ni kile kinundu mbele ya tundu la sikio, unachokibonyeza ukitaka kuziba kelele. "Conch" ni bonde la katikati, na jina lake ni la kombe la baharini. "Rook" na "daith" ni mikunjo ya ndani. "Industrial" ni kijiti kirefu kimoja kinachounganisha matundu mawili ya juu.

Unene wa kijiti hutajwa kwa "gauge", tamka "geji", na hesabu yake iko kinyume: namba ikikua, kijiti kinakuwa chembamba. 20 gauge ni kama milimita 0.8, unene wa kawaida wa hereni za ndewe. 18 ni milimita 1.0, 16 ni 1.2, na 14 ni 1.6. Ukiagiza 14 kwa tundu lililozoea 20, ukidhani umechagua ndogo, hereni haitaingia.

Maneno ya madini, ambapo pesa hupotea

Hapa twende polepole, kwa sababu neno moja laweza kutenganisha dhahabu na rangi ya dhahabu.

"Solid gold" ni dhahabu iliyochanganywa na madini mengine lakini ni ileile nje mpaka ndani. Kiwango chake ni "karat", kati ya 24. Karati 18 ni asilimia 75 ya dhahabu, na muhuri wake ni 750. Karati 14 hupigwa 585. Karati 9 hupigwa 375. Wamarekani huandika "karat" kwa usafi wa dhahabu na "carat" kwa uzito wa vito, ambapo carat moja ni gramu 0.2. Waingereza huandika "carat" kwa yote mawili, basi tazama kinachozungumziwa.

"Gold-filled" haimaanishi imejazwa dhahabu, ingawa ndivyo maneno yanavyosema. Ni tabaka la dhahabu lililogandamizwa juu ya madini mengine, na kwa kanuni za Marekani dhahabu hiyo haipaswi kupungua sehemu 1 ya 20 ya uzito wote. "Gold-plated" ni tabaka jembamba zaidi. "Vermeil", tamka "vameil", ni fedha iliyofunikwa dhahabu. Marekani hutaka unene wa mikroni 2.5 angalau, mikroni ikiwa sehemu ya elfu ya milimita. Na "gold-tone"? Rangi tu. Hakuna anayekuahidi hata chembe ya dhahabu.

"Sterling silver" ni fedha ya asilimia 92.5, ndiyo maana muhuri wake ni 925.

Kama masikio yako huwasha ukivaa hereni za bei nafuu, mshukiwa mkuu ni "nickel", nikeli. Neno "hypoallergenic" linasema uwezekano wa mzio ni mdogo. Si kipimo, wala halikuhakikishii lolote. "Nickel-free" linasema jambo mahususi zaidi. "Surgical steel" husikika kama ya hospitali na salama, lakini chuma cha aina ya 316L kina nikeli ndani yake, ingawa huiachia kwa kiasi kidogo. Umoja wa Ulaya umeweka kikomo cha nikeli inayoweza kutoka kwenye vijiti vinavyopita tunduni: mikrogramu 0.2 kwa sentimita ya mraba kwa wiki. Kwa tundu bichi, tafuta "implant-grade titanium", na ukiona pembeni yake ASTM F136, namba ya kiwango cha titani hiyo, ndiyo hiyo.

Vitenzi: kutoga, kuvaa, kuvua

Kiswahili kinasema "nimetoga", na hakuna anayeuliza nani alishika sindano. Kiingereza kinauliza. "I pierced my ears" ina maana ulijitoboa mwenyewe. Kama ulikwenda kwa mtogaji, sema "I had my ears pierced" au "I got my ears pierced". Nomino ni "piercing", na hutumika kwa tendo na kwa tundu lenyewe: "My piercing has closed up", tundu langu limeziba.

"Nimevaa hereni" usiitafsiri "I have worn earrings". Tunapotumia -me- kwa hali iliyopo sasa, Kiingereza hutumia "I am wearing earrings". Tendo la kuvaa ni "put on" au, kwa za kutoga, "put in". Kuvua ni "take off" au "take out". Clip-on huwezi ku-"take out", maana haikuingia popote.

Sentensi hizi zitakuvusha sehemu nyingi:

"Do these come with a lever back?" – Je, zinapatikana zenye kufungwa kwa bawaba?
"Are they nickel-free?" – Hazina nikeli?
"They're too heavy for my lobes." – Ni nzito mno kwa ndewe zangu.
"My earring is caught in my scarf." – Hereni yangu imenasa kwenye skafu.
"My ear is sore and swollen." – Sikio linauma na limevimba.

Jipime

Soma haya kuanzia mwisho, kabla hujatazama majibu: "10 mm gold-filled huggies, sold as a single", "long silver-tone tassel clip-on earrings", "18-gauge titanium flat-back stud for helix".

Ya kwanza ni kihoop kimoja, si jozi, cha kukumbatia ndewe, cha milimita 10, chenye tabaka la dhahabu lililogandamizwa. Hapo uliza kama 10 hiyo ni kipenyo cha ndani au cha nje. Ya pili ni za kubana, zisizohitaji tundu, zenye vishada virefu, za rangi ya fedha bila fedha yoyote iliyoahidiwa. Ya tatu ni kipini cha titani chenye kisahani bapa nyuma na kijiti cha milimita 1.0, kwa ajili ya ukingo wa juu wa sikio. Kama ya pili ilikudanganya ukadhani ni fedha, rudi kwenye sehemu ya madini kabla hujafungua duka lolote.